Ruhusu Kila Wakati

Nianze na vidole vya mdogo wangu, maana bila vile vidole mtaniona mtu wa roho mbaya bure.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Mume wake, yaani shemeji yangu, alimbania vidole vya mkono wa kulia kwenye mlango wa gari siku waliyogombana, halafu akauegemea ule mlango. Aliuegemea, jamani! Kwenye kikao cha familia akasema ni bahati mbaya, na baba yetu mdogo, mtu mzima na mvi zake, akatikisa kichwa kukubali na kusema mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Mdogo wangu alikuwa amekaa pale pale na bandeji yake. Vidole vilipopona nusunusu, akafunga cherehani yake ndogo kwenye shuka, akaondoka.

Alipohamia, shemeji akatokea. Hakubisha hodi. Alisimamisha gari ng'ambo ya barabara, akakaa ndani akiwasha taa na kuzima, akiwasha na kuzima. Mdogo wangu akahama tena, mtaa mwingine kabisa, chumba cha uani kwa mjane mmoja mpole. Haukupita muda, gari lile lile. Akampigia baba mdogo, na baba mdogo akamjibu: "Mwenzio anasema hajui hata unaishi upande gani wa mji. Punguza woga, mwanangu." Sisi wengine tukaanza kutafuta nani ametoboa siri. Shangazi alinuniwa mpaka akaacha kuja kwetu, masikini, na hakuwa amefungua mdomo.

Sasa, huyu shemeji kazini ni nani? Ni meneja wa usambazaji kwenye kampuni ninayofanya kazi mimi. Tunauza gesi ya kupikia. Mteja anafungua app kwenye simu, anaagiza mtungi, mwendesha pikipiki anampelekea mpaka mlangoni. App hiyo niliitengeneza mimi, na ndiyo maana ofisini wananiita Fundi. Mwenye kampuni ni mama mmoja aliyeanza na mitungi michache kwenye kibanda, kila mtu anamwita Mama Mitungi na mwenyewe anaitika. Shemeji naye waendesha pikipiki walimpa jina la Darubini, kwa sababu alikuwa anakaa kwenye kompyuta kuangalia nani amesimama wapi, na asubuhi anabandika ukutani nani alikaa chooni muda mrefu. Watu wazima na watoto wao, wanabandikwa ukutani kwa kwenda haja!

Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka likizo ya uzazi, maziwa bado yananichuruzika kwenye blauzi. Mdogo wangu akaja kwangu kumwona mtoto. Amempakata, simu yake ikalia kidogo na kuleta ujumbe yenyewe: app ya gesi imekuwa ikiangalia mahali ulipo hata usipoitumia, je, iendelee?

"Dada," akaniambia, "hii gesi inanitafutia nini usiku na mchana? Mtungi wangu hata nusu haujafika."

Nilichukua ile simu nikaitazama. Hasira zikanipanda zote pamoja.

Niwaeleze kidogo, haina ugumu. App ikitaka kujua ulipo, lazima ikuombe. Simu inakuletea kidirisha: niruhusu unapoitumia, niruhusu mara hii tu, au usiruhusu. Kuna ruhusa nyingine ya juu zaidi, ya kila wakati, hata app ikiwa imefungwa na wewe umelala. Hiyo simu haiitoi kirahisi. Ni lazima uombe mara ya pili, peke yake, na mara nyingi mtu anapelekwa mpaka ndani ya mipangilio ya simu akabonyeze mwenyewe. Na sisi mafundi tunatakiwa kuandika sentensi ya kumweleza kwa nini tunataka. Nilivyoiacha mimi, app ile ilikuwa na adabu zake. Ilikuwa haikuulizi kitu mpaka ubonyeze "Agiza", na hapo inasema: tunaomba kujua ulipo ili mtungi ukufikie. Basi. Gesi ikishafika, uko wapi yanatuhusu nini?

Kesho yake nikafungua kazi yangu kuitazama. Wamenichezea. App sasa ilikuwa inaomba ruhusa ya kila wakati pale pale mtu anapoifungua, kabla hajaona hata picha ya mtungi, na sentensi yangu imefutwa, pameandikwa: "Ruhusu kila wakati usikose zawadi." Zawadi! Mwenzangu wa meza ya pili, kijana wa watu wa miwani minene, akanong'ona kwamba Darubini ndiye aliyeagiza, mimi nikiwa nanyonyesha. Na kwenye ukurasa wa mameneja kukawekwa kisanduku kipya. Unaandika namba ya simu ya mteja, ramani inakuonyesha alipo dakika hiyo.

Kwa hiyo ndivyo alivyokuwa anampata. Anakaa kwenye kiti cha kampuni, anakunywa chai ya kampuni, anaandika namba ya mke wake.

Mtaniuliza, kwa nini hukwenda kwa Mama Mitungi siku ile ile? Nitawajibu bila kupindisha. Mama Mitungi angemwita pembeni, yeye angeomba radhi kwa ile sauti yake ya kubembeleza, na mambo yangeisha. Mimi sikutaka yaishe. Nilitaka aumbuke mbele ya watu, kweupe, kama mdogo wangu alivyoumbuliwa kwenye kikao na bandeji mkononi.

Kwanza nikamhamisha mdogo wangu. Nilimtafutia chumba nyuma ya karakana ya mbao, mahali ambapo mashine zinanguruma mchana kutwa na hakuna anayesikia cherehani. Nikaifuta app kwenye simu yake kwa mkono wangu. "Na simu yenyewe izime," nikamwambia. "Usiiwashe kwa ajili ya mtu yeyote. Mimi nitakuja mwenyewe." Na nilikwenda, na mwanangu mgongoni, siku nyingine tukalala huko huko tukibanana kitanda kimoja kama tulivyokuwa wadogo.

Pili nikairudisha app ya wateja kwenye adabu zake, na kile kisanduku nikakitoa. Shemeji akaja mezani kwangu amevimba. "Shemeji, ramani ya wateja imekufa."

"Simu za siku hizi zina masharti, shemeji," nikasema, najitia hamnazo.

Tatu ikawa zamu yake.

Kwenye mkutano wa Jumatatu alisimama kumweleza Mama Mitungi mpango wake mpya: wafanyakazi wote waonekane kwenye ramani kubwa ukutani, moja kwa moja, na njia walizopita zihifadhiwe. Alikuwa anautaka umeneja mkuu, tena kwa udi na uvumba. Mimi nikanyoosha mkono, mpole. "Wazo zuri. Ila waendesha pikipiki watanung'unika. Wakiona na mameneja wamo, watanyamaza."

Mama Mitungi akapiga meza. "Na waanze mameneja!"

"Mimi sina cha kuficha," akasema shemeji, na akacheka akiangalia huku na huku watu wacheke naye.

Nikaitengeneza ile app ya wafanyakazi, na sitasema uongo, sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Sikumtegea mtu shimo. Niliomba ruhusa ya kwanza, nikasubiri. Niliomba ya pili peke yake, kama inavyotakiwa. Sentensi niliiandika mimi na niliipima neno kwa neno: "Ukiruhusu kila wakati, kampuni itaona ulipo usiku na mchana, hata app ikiwa imefungwa, na njia unazopita zitahifadhiwa na zinaweza kuonyeshwa kwenye mikutano." Niliijaribu kwenye simu yangu, ruhusu, futa, ruhusu, futa, mara chungu nzima, ndivyo kazi yetu ilivyo, mpaka nikaridhika.

Nilimpelekea shemeji. Nilisimama pembeni yake, mikono nyuma.

"Vifungo vyote hivi vya nini?" akalalamika.

"Soma, shemeji. Usiporidhika, kataa."

"Nani ana muda wa kusoma?" Akabonyeza ya kwanza. Simu ikampeleka kwenye mipangilio, akabonyeza "Ruhusu kila wakati" kwa dole gumba lake mwenyewe, lile lile lenye nguvu. Nilirudi mezani kwangu nikitamani kupiga vigelegele.

Tangu siku hiyo chai yangu ya asubuhi ilikuwa tamu. Waendesha pikipiki wote niliwapa njano kwenye ramani, mameneja kila mmoja rangi yake, na yeye nyekundu; mpaka siku ya kuonyesha ramani ile ilikuwa kwangu tu, na mimi nilifungua mstari wake peke yake. Mwekundu alikuwa anaamka, anakuja ofisini, anasaini, halafu anatoka. Anakwenda kwa yule mjane. Anasimama nje kwa mjane asubuhi, anasimama mchana. Anakwenda dukani ambako mdogo wangu hununua nyuzi na vifungo. Anarudi kwa mjane. Hapo ametuapia wote kwamba hana habari naye! Nikawa namwambia polepole, nikimeza chai: endelea, baba, zunguka, chora, chora vizuri.

Siku ya kuonyesha ikafika. Chumba cha mikutano kilijaa: Mama Mitungi mbele, mhasibu, mameneja wa matawi, kijana wa miwani, na Mzee Kofia, mwendesha pikipiki mkongwe kuliko wote, anayewasemea wenzake na asiyevua kofia yake ya sufi hata akivaa helmeti. Shemeji alikuwa amevaa shati jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Aliongea na kuongea. Alionyesha pikipiki zikitembea ukutani, watu wakaguna kwa kupendezwa. Kisha akanigeukia. "Fundi, tuonyeshee na zile njia zilizohifadhiwa."

Jamani. Ameniomba mwenyewe!

Ningeweza kuonyesha mstari wake peke yake. Lakini roho yangu haikutosheka na hilo. Nilitaka watu walinganishe, waone wenzake wanavyokwenda nyumbani na kazini kama binadamu, na yeye anavyozunguka kama nzi. Nikabonyeza "Onyesha wote".

Mistari ikajaa ukutani. Ule mwekundu ulikuwa umejisokota mahali pamoja mpaka umekuwa doa nene.

Mama Mitungi akavaa miwani. "Hapo pekundu ni wapi? Tuna mteja mkubwa hapo?"

"Hatuna mteja hapo, Mama," nikasema. Sauti yangu ilitoka wazi, wala haikutetemeka. "Hapo alikuwa anaishi mke wake, aliyemkimbia baada ya kuvunjwa vidole kwa mlango wa gari. Alikuwa anamtafuta kwa app yetu ya wateja. Aliibadilisha nikiwa likizo ya uzazi. Saa za kazi, gari la kampuni, mafuta ya kampuni. Yule mke ni mdogo wangu wa tumbo moja."

Mtu akakohoa. Mhasibu akageuza kiti kumtazama shemeji, na Mzee Kofia akasema taratibu, "Darubini, kumbe na wewe unaonekana." Shati jipya la shemeji likaanza kulowa kwapani. Niliona aibu inavyompanda kutoka shingoni, na nawaambia ukweli, nilishiba. Ningeambiwa nife saa ile ningekufa nacheka.

"Hayo ni mambo ya nyumbani," akasema.

"Weka funguo za gari mezani," akasema Mama Mitungi.

Lakini shemeji hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa anautazama ukuta. Akasogea mpaka mwanga wa projekta ukampiga usoni. "Na huu wa zambarau," akauliza, "ni wa nani?"

Kijana wa miwani, kwa nia yake njema ya kubadilisha mazungumzo, akasoma maandishi. "Umeandikwa 'Fundi, jaribio'. Si ndiyo simu ya Fundi hiyo?"

Simu yangu. Ile niliyoijaribia, ruhusu, futa, ruhusu, futa, na mara ya mwisho sikufuta. Mimi, niliyeandika ile sentensi neno kwa neno, sikuisoma nilipokuwa naibonyeza. Mstari wa zambarau ulitoka nyumbani kwangu, ukaja ofisini, halafu jioni ukawa unakwenda mahali ambapo siishi, unalala huko, unarudi asubuhi.

"Nyuma ya karakana ya mbao," akasema shemeji, polepole. Akatabasamu. Miaka yote ameniita shemeji. Siku hiyo akasema, "Asante, dada," akatoka na funguo zake mkononi.

"Mkamateni!" Mama Mitungi akapiga kelele, lakini kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake. Tulisikia gari likiwaka huko nje.

Nikapiga simu ya mdogo wangu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Ingepatikanaje, na mimi ndiye niliyemwambia aizime, asiiwashe kwa ajili ya mtu yeyote? Ukutani alama nyekundu ilikuwa imeshatoka getini, inapinda kushoto. Ile ruhusa yake ya kila wakati ilikuwa bado inafanya kazi vizuri kabisa, na mimi nimesimama namwona anakwenda. Nikaanza kulia kama mtoto, na maziwa nayo yananitoka, na matusi ninayomtukana sijui niliyajulia wapi.

Mzee Kofia akanishika bega. "Fundi. Utalia baadaye. Tuma oda."

"Oda gani?"

"Ya mtungi. Hapo hapo. Watumie wote."

Kawaida oda inamfikia mwendesha pikipiki mmoja, aliye karibu. Niliifungulia wote, nikaandika: mtungi mmoja, haraka, nyuma ya karakana ya mbao, na kwenye maelezo Mzee Kofia akanisomea la kuandika, "Darubini anakwenda kumpiga mwanamke. Wahini." Nikabonyeza. Ukutani alama za njano zilizokuwa zimetawanyika mji mzima zikasita. Halafu moja ikageuka. Nyingine ikageuka. Mama Mitungi alikuwa anaongea na polisi kwenye simu kwa sauti ya kibanda chake cha zamani. Mimi na Mzee Kofia tulikuwa tumeshashuka ngazi.

Sikumbuki njia tuliyopita na pikipiki yake. Nakumbuka kofia ya sufi mbele ya macho yangu na upepo unanikausha machozi.

Tulipofika, gari la kampuni lilikuwa limesimama kwenye kichochoro cha karakana, na pikipiki zimelizunguka mbele, nyuma na ubavuni, zimebanana mpaka mlango haufunguki. Kila moja na mtungi wake nyuma. Shemeji alikuwa ndani, vioo amepandisha, anapiga honi. Jamaa mmoja mnene, yule aliyebandikwa ukutani zaidi ya wenzake, alikuwa ameegemea mlango wa dereva kwa mgongo, kwa raha zake. Akagonga kioo. "Bosi, naona umesimama muda mrefu hapa. Una oda? Au ulikuwa unaomba choo?"

Wakacheka, na mimi nikacheka. Nilisogea mpaka kwenye kioo ili anione. Alikuwa anatokwa jasho, anapiga usukani, na vidole vyake vyote kumi vilikuwa vizima. Nilimtazama mpaka polisi wakaja wakamchukua, na sikupepesa.

Kelele zile ndizo zilizomtoa mdogo wangu. Alisimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni, mkasi mkononi, ameushika na vile vidole vyake visivyokunjika vizuri. Akaangalia pikipiki. Akaangalia watu wote wale, hakuna hata mmoja anayemjua, na wote sasa wanajua mlango wake.

"Amejuaje hapa?" akauliza.

Ningeweza kusema lolote. Nilisema, "Kupitia kwangu. Simu yangu ilikuwa imewashwa. Nilitaka kumwumbua mbele ya watu, nikaonyesha na njia yangu."

"Ulikuwa unamtegea."

"Ndiyo. Kwa ajili yako, mdogo wangu. Amekwisha, kazi hana, polisi wamemchukua, baba mdogo mwenyewe nitamwonyesha ile ramani..."

"Ulikuwa unamtegea," akarudia, "na hukuniambia. Mimi nimekaa humu gizani, simu nimezima kwa kuwa wewe umesema nizime, kumbe nyinyi wawili mnawindana na mimi ndiyo nyama." Hakupandisha sauti. "Uliniuliza lini, dada?"



Akaingia ndani. Mzee Kofia akapata mtu mwenye gari dogo la mizigo pale karakana, na waendesha pikipiki wakambebea vitu: godoro, ndoo, kitambaa cha watu alichokuwa anakishona. Cherehani aliibeba mwenyewe kwenye shuka. Nilinyoosha mikono nimsaidie, akanipita. Nikaenda nikashika mlango wa gari ili nipande nyuma na godoro, kama nilivyofanya nilipomleta hapa.

"Wewe baki," akasema.

"Simu nitaiacha. Nitaitupa hata sasa hivi, tazama."

"Baki, dada. Nitakutafuta mimi."

Akafunga mlango taratibu, akiangalia kwanza vidole vyangu viko wapi. Gari likaondoka. Mwisho wa kichochoro pana njia mbili, na vumbi lilikuwa jingi, sikuona limekata upande gani.